Leimert Park: Mtaa uliomlea mpuliza saksafoni

UKIBAHATIKA kufika Los Angeles, lile jiji kubwa la magharibi mwa Marekani, usikubali kupelekwa Hollywood peke yake. Huko utaonyeshwa majina ya waigizaji yaliyopachikwa kwenye njia ya waendao kwa miguu, upigwe picha mbili tatu, kisha urudi hotelini ukidhani umelijua jiji. Waachie wengine hayo. Wewe ulizia njia ya kwenda Leimert Park, mtaa wa watu weusi ulio kusini-magharibi mwa katikati ya jiji. Huko ndiko utakakofahamu jinsi kijana mmoja mpuliza saksafoni alivyouchanganya muziki wa jazi na muziki wa kufoka wa vijana wa rika lake, akawafanya babu na mjukuu wakae ukumbi mmoja bila kununiana.

Kijana huyo anaitwa Kamasi Washington. Najua umetabasamu, msomaji. Kwa Kiswahili chetu kamasi ni kitu cha kufutwa kwa kitambaa, si jina la kumpa mtoto. Lakini kwao jina hilo hutajwa kwa heshima, na ungemwona alivyo pande la mtu, na ndevu zake na kanzu zake pana za Kiafrika, usingethubutu kumtania. Alizaliwa Los Angeles mnamo Februari 18, 1981. Leo ni mtu mzima na ni baba, lakini habari ninayotaka kukusimulia ni ya ujana wake na ya mtaa uliomlea.

Kufika huko si shida siku hizi. Tangu Juni 2025, abiria anayetua katika uwanja mkuu wa ndege wa jiji hilo huchukuliwa na basi la bure hadi kituo cha treni kilicho karibu, akaabiri treni ya njia ya K. Treni hiyo hupita Inglewood, mji jirani alikokulia Kamasi, kisha huingia chini ya ardhi na kukushusha katika kituo cha Leimert Park kilichofunguliwa Oktoba 2022. Ukipanda ngazi hadi juu, utajikuta kwenye makutano ya barabara za Crenshaw na Vernon. Hapo pana bustani ndogo yenye chemchemi ya maji, na nyuma yake utauona mnara wa jumba la Vision, lililojengwa mapema miaka ya 1930 kuwa jumba la sinema. Ukifika Jumapili alasiri, hutahitaji kuuliza njia. Utazifuata ngoma tu, kwa maana siku hiyo wapiga ngoma hukusanyika bustanini, na yeyote apendaye huruhusiwa kusimama na kucheza.

Kutoka kwenye bustani hiyo inaanza barabara fupi iitwayo Degnan. Ni barabara ya maduka madogo ya vitambaa, vinyago na picha za kuchora. Usiipite haraka. Katika barabara hiyo na vichochoro vyake ndimo jazi na muziki wa kufoka vilipofahamiana.

MLANGO ULIOKUWA UMEFUNGWA

Mtaa huu haukujengewa watu weusi. Uliuzwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 na mfanyabiashara aliyeitwa Walter Leimert, na ramani yake ilichorwa na kampuni ya ndugu wawili, wana wa yule aliyebuni bustani maarufu ya Central Park kule New York. Hati za viwanja zilikataza mtu mweusi kununua au kuishi humo. Ni hadi 1948, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwamba masharti ya aina hiyo hayawezi kulindwa na mahakama, ndipo mlango ulipoanza kufunguka.

Kabla ya hapo watu weusi wengi wa jiji hilo walibanwa upande wa mashariki, kandokando ya barabara iitwayo Central. Ubaguzi ni uchungu, lakini katika uchungu huo jirani alimfahamu jirani. Daktari, mchukuzi wa mizigo ya treni na mpiga tarumbeta waliishi pamoja. Katika hoteli ya Dunbar, iliyofunguliwa 1928, walilala magwiji kama Duke Ellington kwa kuwa hoteli za wazungu hazikuwataka. Usiku muziki ulisikika kutoka kilabu hadi kilabu, na watoto wa mtaa walijifunza wakiwa wamesimama nje ya madirisha.

Mchana walijifunza shuleni. Katika shule ya sekondari ya Jefferson palikuwa na mwalimu mweusi aliyeitwa Samuel Browne, ambaye aliifundisha jazi kama somo la kweli wakati ambapo wakubwa wengi wa elimu waliuona muziki huo kuwa wa kihuni. Miongoni mwa vijana waliopitia mikononi mwake ni Dexter Gordon, aliyekuja kuwa mmoja wa wapuliza saksafoni wakubwa duniani, na mpiga piano Horace Tapscott.

Mkumbuke huyo Tapscott. Mwaka wa 1961 aliacha kuzunguka na bendi kubwa iliyokuwa ikimlipa, akarudi nyumbani kuunda kikundi cha wanamuziki wa mtaani. Walipiga muziki bustanini, makanisani na shuleni, mara nyingi bila malipo. Wengi walimshangaa. Yeye aliamini kwamba muziki wa watu weusi wa jiji hilo ungepotea kama kila aliyejaliwa kipawa angekimbilia New York. Alifariki 1999, na mbegu aliyoipanda haikufa pamoja naye.

KAMAU WA LOS ANGELES

Watu weusi walipohamia magharibi mwa jiji, barabara ya Central ilififia na Leimert Park ikashika zamu. Mwaka wa 1989, mpiga ngoma Billy Higgins na mshairi Kamau Daáood walifungua ukumbi mdogo kwenye barabara ya Degnan, wakauita World Stage, yaani jukwaa la dunia.

Bila shaka jina la Kamau limekushtua, msomaji, hasa ikiwa kwenu ni Murang'a au Kiambu. Lakini mshairi huyo ni mzaliwa wa Los Angeles. Jiji hilo lina watu wengi weusi waliojipa majina na maneno ya Afrika ili kujitafutia asili walikonyang'anywa. Isitoshe, ni huko huko ambako sikukuu ya Kwanzaa ilianzishwa 1966 na Maulana Karenga, mwaka mmoja baada ya ghasia za mtaa wa Watts zilizoua watu 34. Maneno saba yanayoiongoza sikukuu hiyo ni ya Kiswahili safi: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Kwa hiyo usishangae ukisikia lugha yako ikitamkwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Mombasa.

Turudi kwa Higgins. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa amepiga ngoma na wakubwa wote wa jazi, na mkono wake umo katika mamia ya santuri. Mtu wa sifa hizo angeweza kujifungia katika kumbi za kulipia ghali. Badala yake, alipokuwa mjini alikaa na watoto wa mtaa katika ukumbi ule mdogo, akawafundisha kushika vijiti. Mtoto aliyeingia mle hakuulizwa baba yake ni nani. Aliulizwa anapiga chombo gani.

"NAKUOMBA UPITISHE MAIKROFONI"

Miaka hiyo hiyo vijana wengine wa eneo hilo hawakuwa na haja ya saksafoni. Muziki wao ulikuwa ule wa kufoka, ambapo maneno humiminwa kwa vina juu ya mdundo wa ngoma na besi. Mwishoni mwa 1989 walianza kukutana kila Alhamisi katika mkahawa wa vyakula vya afya ulioitwa Good Life. Sharti la mahali pale lilikuwa moja: hakuna matusi. Mzazi unayeamini kwamba muziki wa kufoka ni matusi matupu, utafakari hilo. Vijana walipozuiwa kutukana, ilibidi watafute maneno mengine, na ndipo wakawa wepesi wa lugha ajabu. Wengine walifoka kwa kupandisha na kushusha sauti kama vile mpuliza saksafoni anavyokimbiza noti zake.

Mwaka wa 1994, miaka miwili baada ya ghasia nyingine zilizochoma sehemu kubwa ya jiji na kuua zaidi ya watu 60, vijana hao walihamia Leimert Park. Walikaribishwa na Ben Caldwell, mtengenezaji wa filamu aliyekuwa na kituo chake hatua chache kutoka ukumbi wa Higgins. Mikutano yao ikaitwa Project Blowed. Hapo mtu akipanda jukwaani na kushindwa kuupata mdundo, umati wote ulimwimbia kwa adabu kwamba anaombwa aupitishe mkono wa maikrofoni kwa mwingine. Hapakuwa na kupigwa wala kurushiwa chupa. Ulirudi nyumbani, ukafanya mazoezi, ukaja wiki iliyofuata.

Sasa jiweke mahali pa kijana wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne katika mtaa huo. Huku mzee Higgins anapiga ngoma, kule wenzako wanafoka, na umbali wa kutoka mlango huu hadi ule ni wa kutembea bila kuchoka. Je, ungejua wapi muziki mmoja unaishia na mwingine kuanzia?

SAKSAFONI YA BABA

Kamasi alikuwa mmoja wa vijana hao. Baba yake, Rickey Washington, ni mpuliza saksafoni na alikuwa mwalimu wa muziki. Mtoto alianza kugonga ngoma akiwa na miaka mitatu, akaingia kwenye piano, kisha zumari ya klarineti. Alipofika miaka 13 aliichukua saksafoni ya babake iliyokuwa pale nyumbani, akapuliza wimbo wa Wayne Shorter aliokuwa ameusikia mara nyingi, ijapokuwa hakuwa amefundishwa kuishika saksafoni. Tangu siku hiyo hakuiacha.

Nyuma ya nyumba yao kule Inglewood palikuwa na gereji. Badala ya kuweka gari, mzee Rickey aliifanya kuwa chumba cha mazoezi. Humo walijazana Kamasi na rafiki zake, baadhi yao tangu utotoni: ndugu wawili Ronald na Stephen Bruner, Cameron Graves na wengineo. Msomaji, wewe uliyewahi kuishi ploti moja na kijana anayejifunza tarumbeta unajua gharama ya uamuzi kama huo. Kelele za miaka mingi lazima zivumiliwe kabla hazijawa muziki.

Aidha palikuwa na mwalimu mmoja, Reggie Andrews, aliyefundisha katika shule ya sekondari ya Locke kule Watts. Huyu alichagua vijana hodari kutoka shule mbalimbali na kuwaunganisha katika bendi moja ya jazi. Hivyo watoto wa mitaa iliyokuwa na uhasama wa magenge walikaa bega kwa bega wakisoma ukurasa mmoja wa noti. Andrews mwenyewe hakuwa mtu wa kudharau muziki wa dansi. Alikuwa mmoja wa watunzi wawili wa wimbo uliovuma sana Marekani mwaka wa 1982. Alifariki 2022, akiwa ameacha wanafunzi wake katika bendi nyingi kubwa za nchi hiyo.

Mwaka wa 1999 Kamasi na wenzake walishinda mashindano ya muziki yenye jina la John Coltrane, gwiji wa saksafoni. Kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha UCLA kusomea muziki wa mataifa mbalimbali, na huko akamkuta tena mzee Higgins akifundisha. Basi ungedhani sasa njia yake imenyooka: jazi, jazi, na jazi tena.

Haikuwa hivyo. Akiwa bado mwanafunzi aliitwa kupuliza saksafoni katika bendi ya Snoop Dogg, yule mfokaji mashuhuri. Kamasi amesimulia mara kadhaa kwamba aliingia humo akidhani kazi itakuwa rahisi, kwa vile noti alizopewa zilikuwa chache. Kumbe shida haikuwa noti gani upulize, bali uipulize sekunde gani hasa. Ukiwahi kidogo tu, mdundo unakufa. Ukichelewa kidogo kwa namna inayotakiwa, watu wote wanatikisa vichwa. Katika jazi alikuwa amefundishwa kutazama mbali, safari yote ya wimbo. Katika muziki wa kufoka alifundishwa kutazama kitu kidogo kwa makini, kama mtu anayechungulia kwa hadubini. Elimu hizo mbili akaziweka katika kichwa kimoja.

MWEZI MMOJA, MATUNDA MENGI

Desemba 2011, Kamasi na marafiki zake wa gereji walikusanya nguvu zao, wakaingia studio kwa mwezi mzima. Kila mmoja alirekodi nyimbo zake na kuwasaidia wengine katika zao. Hapakuwa na mwenye kukodiwa wala mwenye kukodi. Katika rundo hilo ndimo ilimotoka albamu ya Kamasi iitwayo The Epic, iliyofyatuliwa Mei 2015. Ni santuri tatu, karibu saa tatu za muziki, zikiwa na kwaya na vinanda vya nyuzi. Wimbo mmoja amemtungia nyanyake, Henrietta.

Miezi miwili kabla ya hapo, Kendrick Lamar, mfokaji kutoka Compton, alikuwa ametoa albamu iliyotikisa Marekani. Saksafoni ya Kamasi inasikika humo, na besi kwa sehemu kubwa ni ya Stephen Bruner, ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la Thundercat. Vijana waliompenda Kendrick wakauliza ni nani anayepuliza. Wakamfuata Kamasi hadi kwenye jazi, muziki walioambiwa kuwa ni wa wazee.

Ukitaka kuelewa anavyochanganya, sikiliza ngoma. Mara nyingi huwa na wapiga ngoma wawili jukwaani. Mmoja hushikilia mdundo mzito unaojirudia, kama ule wa muziki wa kufoka au wa dansi. Wa pili huzungukazunguka, akijibu kila neno la saksafoni kama desturi ya jazi ilivyo. Mchezaji hucheza na wa kwanza, msikilizaji humfuata wa pili. Mwaka wa 2017 alifanya jambo jingine la kusisimua: alitunga nyimbo tano tofauti, kisha katika wimbo wa sita akazifuma zote zikalia kwa wakati mmoja, wala hazikugombana.

JE, ANAIHARIBU JAZI?

Wapo wanaonung'unika. Husema kwamba jazi ni sanaa ya kusomewa, na kwamba kuitia mdundo wa vijana ni kuipunguzia hadhi. Hata hivyo, wanasahau kwamba katika miaka ya 1930 na 1940 jazi ndiyo iliyokuwa muziki wa dansi wa vijana. John Coltrane mwenyewe aliuchukua wimbo kutoka mchezo wa kuigiza wenye nyimbo nyepesi, akaugeuza kuwa kitu kingine mwaka wa 1961. Hata sisi Afrika Mashariki tulilipokea neno jazi kwa namna hiyo. Bendi zetu zilizojiita Jazz, kama Shirati Jazz na Tabora Jazz, zilipiga dansi ya kwetu, na kule Kongo, Verckys alipuliza saksafoni ndani ya rumba ya OK Jazz ya Franco miaka ya 1960. Hakuna aliyelalamika. Watu walicheza.

Ila kuna onyo hapa kwa chipukizi. Kamasi hakuchanganya kwa sababu alishindwa na kimoja. Alisoma jazi hadi ndani, akautumikia muziki wa kufoka hadi akajua siri yake, ndipo akavitia katika chungu kimoja. Anayeruka hatua hizo hapiki pilau, anamwaga viungo tu.

KODI NA SHULE

Ukitembea Degnan leo utaona pia wasiwasi. Tangu habari za reli zilipothibitishwa, bei za nyumba na kodi za maduka zimekuwa mjadala wa kila siku. Duka la vitabu la Eso Won, lililopendwa na wasomaji weusi wa jiji zima, lilifunga milango mwishoni mwa 2022 wenyewe walipostaafu. Wenyeji wanajua kwamba mtaa wa wasanii huweza kuuliwa na sifa zake: watu huja kwa ajili ya muziki, kisha wenye muziki wakashindwa kulipa kodi.

Jambo la pili ni shule. Mwaka wa 1978 wapigakura wa jimbo la California walipitisha sheria iliyopunguza ushuru wa nyumba na ardhi, na shule zilipobanwa kifedha, masomo ya muziki yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kukatwa. Ni Novemba 2022 ambapo wapigakura wa jimbo hilo waliamua kutenga fedha maalumu kwa ajili ya sanaa na muziki shuleni. Katika miaka hiyo yote ya katikati, pengo lilizibwa na watu kama Higgins na Andrews, pamoja na gereji ya mzee Rickey.

Hapa Nairobi tuna mfano wetu. Tangu 2008, mpango wa Ghetto Classics umekuwa ukiwafundisha watoto wa Korogocho vyombo vya muziki, karibu kabisa na jaa la taka la Dandora, na mapato ya tamasha la jazi lililoanzishwa jijini 2014 yamekuwa yakiusaidia. Basi huna haja ya kusafiri hadi California kumwona mtoto akipuliza saksafoni mahali ambapo hakutarajiwa.

Albamu ya Kamasi ya 2024 ina wimbo uliojengwa juu ya noti chache alizozibonyeza bintiye mdogo alipokuwa akicheza na piano nyumbani. Baba angeweza kumwambia aache kelele. Na mzee Rickey, aliyeiacha saksafoni yake pale ambapo mtoto angeifikia? Bado hupanda jukwaani pamoja na bendi ya mwanawe, akipuliza filimbi.